Tuacheni tusome bila katiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeshauri kwamba makundi yote ya kusoma vitabu yasajiliwe, yawe na katiba, akaunti ya benki na mradi wa kuyaingizia kipato, ili yawe endelevu. Barua yake ilikuwa na nia njema na Kiswahili safi, na kwa yote mawili nampongeza. Ila mimi nimo kwenye kundi la namna hiyo hapa Moshi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, bado tunakutana, na katika hayo aliyoyataja hatuna hata moja. Tulipojaribu kuwa nayo, nusura tutawanyike.

Nianze kwa kusema kwamba siiogopi katiba. Nimekuwa karani wa mambo ya kahawa tangu usichana wangu hadi nilipostaafu, na hata sasa pale mtaani Majengo watu wazima wananiita Mama Karani, watoto wao wakidhani ndilo jina nililobatizwa. Nimeandika mihutasari mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Najua akidi ni nini, najua yatokanayo ni nini, najua mkutano unavyoweza kukaa kutwa nzima kwenye ajenda ya pili. Niliingia kazini mwaka 1975 katika chama cha msingi huko Kibosho, na mwaka uliofuata serikali ikavivunja vyama vya ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro, iliyokuwepo tangu 1933 na ambayo baba yangu hakuwahi kuitaja akiwa amevaa kofia, ikaondoka kwa tangazo. Kazi zetu zikagawiwa vijiji na mamlaka ya zao, nami nikahamia huko mamlaka. Sheria ya 1982 ikaruhusu ushirika urudi, nasi tukarudi, tukaanza kutafuta makabrasha yetu ya zamani. Mengine yalikuwa yameshafungiwa maandazi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba usajili ndio unaofanya kitu kidumu, nacheka kwanza, kisha namkaribisha chai.

Kundi letu lilianzia kibarazani kwa fundi cherehani mmoja, si mbali na soko la Mbuyuni. Fundi yule alikuwa na desturi ya kusomewa gazeti akiwa kazini, maana macho na mikono yake vilikuwa kwenye kitambaa. Yeyote aliyekuja kuchukua suruali alikalishwa kwenye benchi, akapewa gazeti, akasoma kwa sauti hadi pindo liishe. Muuguzi mmoja ambaye gauni lake lilicheleweshwa mno (wengine tunaamini lilicheleweshwa makusudi) akachoshwa na habari za gazeti, akaja na kitabu. Kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1971 na ambacho kwa muda kilizuiwa mashuleni. Habari ya kuzuiwa ndiyo iliyotukusanya, nisikufiche Mhariri. Watu ambao hawakuwa na nguo yoyote kwa fundi wakaanza kupita pale jioni, eti wanasalimia.

Nakala ilikuwa moja, na benchi lilishajaa. Kusomewa pekee hakukutosha. Kila mtu alitaka kwenda nacho nyumbani. Fundi akachukua wembe wake wa kufumulia, akakipasua kitabu mgongoni, akakigawa mafungu manne. Kila fungu akalishona kwa uzi wa jinzi na kulivika jalada la kitambaa: la kwanza kaki, la pili kitenge, la tatu kipande cha sare ya shule, la nne bitana nyekundu. Hapo ndipo tukaweza kusoma watu wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja akimkimbiza aliye mbele yake amalize upesi. Mpaka leo mmoja wetu akimuuliza mwenzake "umefika kwenye bitana?" anauliza kama amekaribia mwisho wa kitabu, hata kama kitabu chenyewe kinasomwa kwenye simu.

Fungu la bitana lilipotea. Mwenzetu mmoja alikuwa dereva wa basi la Dar es Salaam, akalisahau Korogwe, pale abiria wanaposhuka kuchimba dawa na kununua machungwa. Siku ya kukutana alikuja na jani la isale amelishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni akakataa kuketi. Kwa wasiotoka huku nieleze kwamba isale likishaletwa, hakuna Mchaga anayekataa kusamehe. Tulikuwa na Mpare mmoja na Mrangi mmoja kati yetu, nao wakasamehe, ingawa Mpare aliuliza kama jani linasomeka. Mwalimu wetu, aliyekuwa amekimaliza kitabu akiwa chuoni, akajitolea kutusimulia kilichobaki. Alisimulia vizuri mno. Rosa akaolewa, akahamia Mwanza, akapata watoto wawili. Tukaenda majumbani kwetu tumeridhika.

Miaka kadhaa baadaye nakala nzima ikapatikana kwa muuza vitabu vya mitumba pale stendi. Tukakuta Rosa hakuolewa popote, wala hao watoto wawili hawamo. Binti wa watu amejitoa uhai. Mwalimu alipobanwa akasema jioni ile kulikuwa na mama mjamzito kwenye benchi, hakuona sababu ya kumtia simanzi. Tumebishana juu ya jambo hilo kuliko tulivyobishana juu ya kitabu. Je, msimulizi ana haki hiyo? Mimi naona hana. Riwaya si uji wa mgonjwa, huruhusiwi kuipunguzia makali. Muuguzi anaona anayo, na anasema mimi sijawahi kumpelekea mtu majibu yake kitandani. Hatujaufunga mjadala na sitarajii tuufunge. Ningependa mwandishi wa ile barua anionyeshe jambo hilo lingekaa ajenda namba ngapi.

Siku hizi hatukutani Jumamosi. Huku kwetu Jumamosi ni ya mazishi, na kila tulipopanga, nusu ya benchi ilikuwa mgombani kwa mtu. Tukahamia Jumapili jioni, watu wakiwa wameshatoka ibadani na wameshakula. Tunazunguka nyumba hadi nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayechagua kitabu na ndiye anayepika, akipenda kiburu, akipenda mtori, na wapo wanaoagiza chapati kwa jirani wakadai wamezisukuma wenyewe. Mchango hakuna. Asiyemaliza kitabu hatozwi kitu, ila haruhusiwi kusema "nimesikia kwamba". Na mwenye nyumba hufungua kwa swali lile lile aliloliasisi fundi: ni wapi ulikifunga kitabu kwa hasira? Nimehudhuria semina nyingi, sijasikia swali linalofungua midomo ya watu namna hiyo. Ukimuuliza mtu mzima amejifunza nini, anarudi darasa la nne, anaanza kutafuta jibu litakalomfurahisha mwalimu. Muulize kilichomuudhi, atakusomea mpaka mstari.

Mwenye jicho kali kuliko sisi wote hajui kusoma. Ni mama wa Uru, muuza ndizi; aliingia ngumbaru miaka ya 1970 akatoka kwa sababu anazozijua yeye na mwalimu wake. Tuliposoma Kusadikika cha Shaaban Robert, kile cha 1951 chenye nchi inayoelea angani, sisi wengine tulijaa sifa kwa jinsi Karama anavyojitetea mbele ya baraza, na mwenzetu aliyestaafu ukarani wa mahakama akatupa somo zima la taratibu za mashtaka ambalo hakuna aliyeliomba. Wajumbe sita wanatumwa pande sita kuitafutia nchi heri. Kila anayerudi na wazo jema anatupwa gerezani, na anayefuata anakwenda vile vile. Mama wa Uru alisikiliza mpaka wa nne. Akaweka kikombe chini. "Hawa hawana mama zao?" akauliza. "Ni mama gani huyo anaona wa kwanza kafungwa, wa pili kafungwa, wa tatu kafungwa, na bado anamfungia wa kwake chakula cha njiani?" Hakuna aliyemjibu. Karani wa mahakama, ambaye huwa na jibu la kila kitu, akajifanya anatafuta miwani.

Katika katiba zote nilizopiga chapa maishani mwangu, asiyejua kusoma na kuandika hagombei uongozi. Kifungu hicho hakikosekani. Kwetu sisi, mama huyu akikosa kuja tunaahirisha.

Sasa nije kwenye mfuko wa fedha tuliowahi kuujaribu. Desemba huku mji unajaa, watoto wetu wanapanda kutoka Dar es Salaam na Dodoma kuja kula sikukuu, na kundi letu linaongezewa viti. Miaka michache iliyopita kijana wa mmoja wetu, mtu wa kazi nzuri na viatu vizuri zaidi, alikaa nasi jioni moja, akasikiliza kwa adabu, na mwishoni akasimama kushukuru. "Wazazi wangu," akasema, "hapa mna rasilimali watu. Mnakutana bila kukosa, mnaaminiana, mna wasomi. Mnapata nini?" Tukamwambia tunapata kiburu. Akacheka, kisha akaturudia. Akaeleza hisa, akaeleza mkopo wa mara tatu ya akiba, akaeleza mfuko wa jamii, na kwamba tukijipanga tunaweza kuifikia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakudanganya hata neno moja. Ndiyo maana tulimkubalia. Mimi nilipinga, na kwa kupinga kwangu nikachaguliwa mweka hazina.

Tukanunua sanduku la bati la kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu kama utaratibu unavyotaka. Katiba niliiandika mimi, na niseme bila kujisifu kwamba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na faini ya kuchelewa, faini ya kusema bila kuruhusiwa na faini ya simu kuita kikaoni. Kitabu kilipewa ajenda ya sita, kabla tu ya mengineyo. Katika mikutano ya mwanzo tuliifikia ajenda hiyo. Kisha tukawa tunaifikia giza limeshaingia, mtu anasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama, mwingine pembeni anahesabu sarafu kwa sauti. Kisha ikawa inaahirishwa. Kitabu cha zamu kilizunguka nyumba zote kikarudi kwa mwenyewe bila mtu kusema alikifungia wapi kwa hasira, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata wakati wa wembe.

Lakini lililotuumiza hasa ni marejesho. Wawili kati yetu walikopa, mmoja kwa ada ya mtoto, mwingine kwa kuku wa mayai, na kuku wakaingiwa na kideri. Hakuna aliyewasema vibaya, nathibitisha. Ila mtu mwenye rejesho lililochelewa hawezi kukaa benchi moja na wanaomdai akabishana nao kama Karama alikuwa na kiburi au hakuwa nacho. Anaona aibu hata kucheka. Udhuru ukaanza, leo msiba, kesho mafua. Na huyo wa kuku ndiye aliyekuwa msomaji wetu wa sauti. Akisoma mlevi unanusa pombe, akisoma padri unataka kupiga magoti. Alipoacha kuja tukawa tunasomewa na karani wa mahakama, ambaye husoma habari za mapenzi kama hati ya mashtaka.

Aliyetutoa ni fundi. Katiba haikumpa cheo chochote, na katika vikao vile alikuwa haongei, akiogopa faini. Siku hiyo kwenye mengineyo akanyoosha mkono, akaruhusiwa, akasema: "Jamani, hivi kabla ya hili sanduku tulikuwa tunafanya nini hapa?" Tukapiga hesabu jioni ile ile. Kila mtu akarudishiwa chake kwa kadiri kilivyokuwepo, na deni la wale wawili tukalitoa kundini likawa la mtu na mtu, anayesamehe asamehe, anayedai amfuate mwenzake kwake. Haikuwa rahisi, na kuna mmoja aliyedai ambaye mpaka leo simwelewi. Msomaji wetu alirudi baada ya muda, akaketi mwisho wa benchi, akapewa kitabu bila hotuba. Sanduku alilichukua mama wa Uru, anawekea unga.

Msinielewe vibaya. Sisemi VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ni vibaya. Nimo kwenye viwili, na kimoja ndicho kilichoezeka nyumba yangu. Nimo kwenye chama cha kufa na kuzikana, nimo kwenye kwaya, nimo kwenye jumuiya. Kote huko pana daftari mezani, na kote huko daftari linastahili kuwepo. Kila ninapoketi na watu katika mji huu naitwa jina langu, halafu kunasomwa kiasi. Nimetaka pawe na mahali pamoja ambapo jina langu likiitwa kinachofuata ni "wewe unaonaje?"

Tena mwenzangu aangalie uzito wa anachokiomba. Kundi likishaweka akiba na kukopeshana, limeshaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, na linapaswa kusajiliwa kwa kazi hiyo. Ni sheria ya maana, iliwekwa kulinda fedha za wanyonge. Ila wanaokutana kula kiburu na kugombana kuhusu Rosa hawana cha kulindiwa humo.

Amegusia pia ule msemo kwamba ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kitabuni. Msemo huu umenichosha. Kijana wetu wa bodaboda aliingia kundini kwa sababu alikuwa anamleta mwalimu kila mara, akaona badala ya kusubiri nje kwenye baridi la Julai afadhali asubiri ndani penye chai. Nilidhani atasinzia. Kumbe kijana anasoma kijiweni kila siku, simulizi za WhatsApp, sehemu za mwanzo bure na zinazobaki unalipia kwa simu. Analipia. Wenzake wanalipia. Wanasoma hadithi ndefu kuliko zote nilizosoma mimi shuleni, wanatukanana kwa ajili ya wahusika, na abiria anasubiri. Maandishi yenyewe mengine yana "apa" mahali pa "hapa" na "haliniambia" mahali pa "aliniambia", na mwalimu wetu akiyaona hushika kichwa, lakini hilo ni tatizo la uhariri. Msomaji yupo na pesa ametoa.

Wazee wenzangu watakumbuka pia mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hii ilikuwa katika mkondo huo huo. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi. Watu wanakaa mgombani, wanasikiliza kipindi, kikiisha kitabu kinasomwa kwa sauti, wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Washiriki nchi nzima walikadiriwa kufikia milioni 2. Mimi nilikuwa msichana, na katika kikundi cha mama yangu kazi yangu ilikuwa kusoma, maana sauti yangu ilifika nyuma. Nakumbuka wazee wa kiume wakibisha kuhusu urefu wa shimo, kila mmoja akitaka sentensi irudiwe, wakidhani mimi ndiye ninayekosea. Sawa, choo nacho ni ajenda, sikatai, na serikali ilikuwa na lake. Lakini ilileta kitabu na redio, watu wakaleta masikio, na sikumbuki mtu akiulizwa akaunti namba ngapi.

Basi kama kuna mwenye nia ya kutusaidia, awe shirika, halmashauri au mgeni wa Desemba, alete vitabu. Na asilete mia moja vya aina mia moja. Alete nakala kumi za kitabu kimoja. Misaada mingi ya vitabu niliyoiona huja nakala moja moja, vingi vya lugha za nje, na kundi halisomi hivyo. Ningeomba maktaba zetu za mikoa, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ziwe na kabati la makundi: riwaya za Kiswahili chache tu, kila moja nakala kumi zimefungwa pamoja, kundi linaazima furushi zima kwa dhamana ya mtu mmoja mwenye kadi, linakaa nalo mwezi. Furushi likitoka Moshi liende Same, likitoka Same liende Arusha. Hiyo ni kazi ya karani mmoja na daftari moja. Daftari hilo, Mhariri, nitalifungua mimi bila malipo, na miraba nitaichora kwa rula.

Tofauti ya nakala moja na nyingi tuliiona kwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Gurnah alipopata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 wote tulijidai kumfahamu, ila hakuna aliyekuwa amemsoma. Tafsiri yake ya Kiswahili, ya Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka uliofuata, na binti wa muuguzi akatuletea nakala kadhaa kutoka Dar es Salaam. Wembe wa fundi ukapumzika. Kuna mahali kijana Yusuf anaachwa kwenye mji ulio chini ya mlima wenye theluji kileleni. Hapo hatukusonga mbele jioni nzima. Kila mwenye nakala alifungua ukurasa wake akaanza kuupima mlima. Dereva akaleta habari za barabara, akisema msafara unaotoka pwani hauwezi kufika Moshi kwa njia ile. Mwalimu akasema mwandishi hana haja ya ramani ya dereva. Mpare akadai kwamba hata Same mlima unaonekana, na kwamba sisi tumezoea kuuhesabu wetu peke yetu. Mama wa Uru hakuwa na ukurasa wa kufungua. Alitaka tu kujua huyo kijana anakula kwa nani na amerehaniwa kwa deni la nani. Fundi alimpenda Kalasinga kwa kuwa naye ni mtu wa ufundi na mdomo. Tungekuwa na nakala moja, tungemsikiliza mwenye kitabu na kuitikia.

Kwa mwandishi wa ile barua: kama uko karibu, karibu. Zamu hii mwenye nyumba ni mimi na nimechagua Gamba la Nyoka, la Kezilahabi pia, la mwaka 1979, linalohusu jinsi watu walivyoingizwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nina hasira zangu tayari, kuanzia za kikarani. Shida ni kwamba nakala tulizonazo ni mbili, na moja imenyofoka kurasa katikati, tena pale mambo yanapochemka; mwalimu ameshajitolea kutusimulia kilichomo, nasi tumemkatalia. Msomaji yeyote wa gazeti hili mwenye nakala nzima anayoweza kuiuza au kuiazimisha aiache ofisini kwako, Mhariri, nitaifuata au nitamtuma bodaboda wetu. Jina langu kamili na namba ya simu nimekuandikia nyuma ya bahasha kwa ajili hiyo tu.

Mama Karani,
Majengo, Moshi.